Tangi la samaki la mtumba: changarawe zikishakauka, bakteria hawapo

Mkuu, umeuliza kama changarawe na chujio ulivyouziwa pamoja na tangi lililokaa stoo kwa miezi bado vina bakteria wazuri, maana muuzaji amekukataza kuviosha. Nafuga samaki hapa Mwanza na matangi yangu karibu yote ni ya mtumba, kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: vikishakauka, hesabu kwamba bakteria wamekufa. Tena ule uchafu wa zamani ukilowana utaoza na kukuongezea amonia. Osha vyote. Chokaa iliyoganda kwenye kioo ipake siki, iache ilainike, kisha sugua. Sabuni usiiguse.

Bakteria unaowahitaji ni wa makundi mawili: wanaogeuza amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, na wanaogeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti zinaua samaki. Nitrati unaipunguza kwa kubadilisha maji. Wengi wao wamejishika kwenye sponji la chujio, changarawe na mawe, kwa hiyo ukienda kwa mfugaji mwenzako usiombe ndoo ya maji, omba sponji.

Liwe limetoka kwenye tangi lenye samaki wazima. Ukilibinya linatoa maji mazito ya kahawia, na hiyo ndiyo mali unayoitafuta. Lisafirishe likiwa ndani ya maji ya tangi lake, ulifunge kwenye chujio lako siku hiyohiyo. Tafadhali usilisuuze bombani! Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa ili kuua vijidudu. Maji ya tangi yachote jana yake, uyaache na pampu ya hewa ikifanya kazi usiku kucha, au tia dawa ya kuondoa klorini.

Maji ya ziwa sikushauri kabisa, hata kama unakaa Kirumba na ziwa liko mlangoni. Utaingiza konokono na vimelea, na wewe mwenyewe ukiingia kuchota unaweza kupata kichocho.

Ukikosa sponji, dagaa wapo. Chukua wachache wakavu wasio na chumvi, watie kwenye soksi ya nailoni, uwaning'inize ndani ya tangi. Watalainika, wataota utando mweupe na kunuka. Hapo amonia inatoka, nayo ndiyo chakula cha bakteria tunaowataka. Maji yanaweza kugeuka kama ya kuoshea mchele. Hao ni bakteria wengine wanaozaana haraka, usimwage maji. Tunaowasubiri huhitaji saa nyingi kujigawa mara moja tu, ndiyo maana kazi huchukua wiki 4 hadi 6. Maji ya nyuzi 26 hadi 28 yanawasaidia.

Nunua vipimo vya matone vya kupimia maji. Amonia itapanda na kushuka, kisha nitriti nayo hivyohivyo. Dagaa wakiwa bado wanaoza na zote mbili zikasoma sifuri huku nitrati ipo, tangi limeiva. Toa soksi, badilisha sehemu kubwa ya maji, anza na samaki wadogo wawili watatu siku hiyohiyo, maana bakteria wasipopata chakula wanapungua.

Umeme nao uuangalie. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni, na chujio la kufungwa likizima kwa saa kadhaa wanaweza kuanza kufa humo ndani. Ukikatika, toa sponji uliache wazi kwenye maji ya tangi, na kama unayo pampu ya hewa ya betri, iwashe karibu nalo.