Mwalimu, Kabla Hujanunua Hiyo Nissan

Juzi usiku niliandikiwa na mwalimu mmoja wa kwetu milimani, Taita. Anastaafu mwaka huu, na akishapata kiinua mgongo anataka kununua Nissan ya abiria 14 aiweke njia ya Wundanyi kwenda Voi. "Kaka, wewe umewahi kuifanya biashara hii. Nipe ukweli." Nimeona bora nimjibu hapa, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kushika laki kadhaa asiote matatu.

(Kwa msiokaa huku: matatu ni gari la abiria, na kuiita Nissan ile ya watu 14 ni mazoea ya kusema tu. Yangu ilikuwa Toyota.)

Niliinunua mapema 2019, baada ya miaka 11 ya kibarua Mombasa. Siku ilipopanda zile kona za Josa mara ya kwanza, na mstari wake wa njano ungali unang'aa, nilikaa mbele kando ya dereva huku nimeshusha kioo ili nionekane. Baba alichinja mbuzi. Sitaki kudanganya, nilijiona mtu.

Kosa langu ni kwamba nilipanda na akili ya Mombasa. Kule gari hujaa kabla makanga hajamaliza kuita. Kwetu alfajiri ni sawa: kuna wagonjwa wanaoteremka hospitali Voi, wafanyakazi wa kaunti wanaoshukia Mwatate, na mtu anayewahi treni. Ikifika saa tatu, steji imekauka hadi alasiri. Mimi nilimwambia dereva asing'oe gari mpaka lijaze. Basi kina mama walikaa humo saa nzima, saa mbili, mtoto analia, jua limepanda, na dereva anazidi kuahidi "bado wawili tu".

Wenye Probox, yale magari madogo, walikuwa wanatuangalia. Wao wakipata watu wanne wanaondoka, wengine wanawabeba njiani, na mnajua wanavyobana: watu saba, na wa nane ameshikilia kuku. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwangu tangu asubuhi alifungua mlango, akatoa mkongojo wake, akaniambia bila hasira, "Mwanangu, gari lako ni zuri la kukalia. La kusafiria ni lile." Akavuka barabara, akaingia Probox.

Sikulala usiku ule.

Kesho yake nilipanga saa. Gari la kwanza saa kumi na moja na nusu, la pili saa nne, liwe na watu watano au watatu, linaondoka. Wiki za kwanza nilichoma petroli kwa hasara na wenzangu wa steji wakanicheka. Lakini watu walizoea. Wakaacha kuja steji, wakawa wanatoka nyumbani dakika tano kabla na kusimama barabarani, kwa sababu wanajua tunapita. Halafu mizigo ikaja yenyewe: magunia ya hoho na kabichi kutoka Werugha, dawa za mgonjwa, barua ya shule. Mwenye gunia hataki kiti, anataka saa. Huko ndiko nilikoona pesa, wala si kwenye viti. Jambo hilo nililigundua mwenyewe, na leo nusu ya steji wanalifanya kana kwamba walizaliwa nalo.

Machi 2020 tukaambiwa tubebe watu 8 badala ya 14, na ikawa hivyo hadi Agosti 2021. Sina la kusimulia hapo, sote tulikuwepo.

Kilichoniumiza ni kingine. Dereva wangu alikuwa shemeji yangu. Hesabu ya abiria alikuwa analeta kila jioni, shilingi kwa shilingi. Ya mizigo hakuleta. Nilipomuuliza, kikao cha ukoo kiliitwa, chai ikanywewa, na nikaondoka pale mimi ndiye mchoyo. Sasa ana Probox yake. Tukipishana Mwatate hunipigia honi. Mimi sipigi.

Kwa hiyo ndugu zangu, sikilizeni. Ondokeni kwa saa. Narudia, ondokeni kwa saa, abiria wa kijijini ana subira lakini si mjinga. Mizigo iwe na daftari lake, na daftari hilo likae kwako. Pili, huwezi kufanya kazi peke yako: tangu kanuni za 2014, lazima uwe ndani ya sacco, yaani chama cha ushirika, au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kaa steji yao wiki nzima uone foleni inavyokwenda kabla hujatoa ada. Na tarehe 14 ya kila mwezi, bei ya mafuta ikitangazwa, kumbuka kwamba nauli haipandi nayo. Petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita Septemba 2023, bibi wa Mghange alinipa nauli ile ile aliyoizoea, imefungwa kwenye pindo la leso. Utamshusha? Mimi nilishindwa. Miezi mitatu baadaye niliuza gari, chini ya nusu ya bei niliyonunulia.

Watu hawataki kuambiwa haya. Wanataka picha ya gari jipya lenye maua kwenye boneti.

Mwalimu, mwishoni mwa ujumbe wako umesema dereva umeshampata, mtoto wa dada yako. Hilo nipigie simu.