Maji moto Naivasha bila kuumiza mfuko

Dada, watu wawili bila gari mnaweza kwenda spa ya Olkaria, bwawa la maji moto ndani ya mbuga ya Hell's Gate. Matatu ya Naivasha pale Nyamakima, Nairobi, kisha ya Kongoni hadi Kamere, karibu na geti la Olkaria; geti la Elsa litawazungusha. Kubalianeni na dereva wa kuwafikisha bwawani bei ya kwenda na kurudi, maana ndani hakuna stendi. Bajeti nyingi huvunjika hapa: mnalipa mara mbili, kiingilio cha mbuga ya Hell's Gate (mtandaoni kwa eCitizen ya serikali, si pesa taslimu), halafu cha bwawa. Vidani vya fedha viacheni, salfa huvitia weusi. Mwenye presha au mimba amwone daktari kwanza. Chemchemi za Ziwa Bogoria si za kuoga. Zile huchemsha mayai yakaiva.