Masasisho ya SQL Server: lazima nianze na la kwanza?

Swali: Ndugu wataalamu, SQL Server 2019 yetu (programu ya Microsoft ya kuendesha hifadhidata) haijawahi kusasishwa. Niweke masasisho limbikizi (cumulative updates) yote kwa mfuatano? Na sevisi paki (service pack, vifurushi vikubwa vya masasisho) je?

Jibu: Weka la mwisho tu, limebeba yote yaliyotangulia. Sevisi paki usiitafute, Microsoft iliacha kuzitoa kuanzia toleo la 2017. Kwanza chukua nakala rudufu za hifadhidata zote, pamoja na master na msdb, hifadhidata za mfumo wenyewe ambazo husahaulika mno. Mkiwa na Always On (mfumo wa kuweka nakala hai, yaani replika, za hifadhidata kwenye seva zaidi ya moja), sasisha replika ya pili, hamishia kazi huko, ndipo ushughulikie ya kwanza.

Huduma ya SQL Server ikiwaka baada ya kusasisha, watumiaji wanaweza kukataliwa kwa kosa 18401: skripti za kusasisha bado zinaendelea. Tafadhali usiizime! Fuatilia faili la ERRORLOG (kumbukumbu za matukio ya seva) hadi skripti ziishe, kisha hakiki toleo kwa amri SELECT @@VERSION.