Kilimanjaro kwa wasio na haja ya kufika kileleni

Likizo ikikaribia, maswali yanayonifikia kuhusu Mlima Kilimanjaro hubadilika. Wanaotaka kusimama kilele cha Uhuru, mita 5,895, wana waongozaji wao wa kuwajibu. Leo nawajibu wenye siku moja au mbili na magoti ya kawaida.

Shikamoo mama. Nilikaa Moshi siku tatu na mlima sikuuona hata mara moja. Una msimu wake?

Marahaba mwanangu. Bila shaka ulikuwa unautafuta saa sita mchana, ukishamaliza chai na mizunguko yako. Jua likishapanda, miteremko hupata joto, hewa yenye unyevu huinuka kutoka msituni, na ikifika juu hupoa na kugeuka wingu. Siku nyingi, kufikia saa nne asubuhi Kibo, kilele kikuu cha mlima, kimeshajifunika. Toka nje saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza, utazame kaskazini: kushoto Kibo na bapa lake jeupe, kulia Mawenzi iliyochongoka kama jino lililovunjika. Ukiukosa mlima asubuhi, jaribu tena jua likikaribia kuzama, maana mara nyingi wingu hupasuka kwa dakika chache.

Kuhusu msimu, epuka masika, Machi hadi Mei. Januari na Februari ni miezi mizuri, na Juni hadi Oktoba pia.

Nina siku moja tu na si mtu wa mazoezi. Naweza kuupanda mlima kidogo nikarudi?

Unaweza, na mimi ningekushauri safari hiyo kabla ya nyingine yoyote. Ingia kwa lango la Marangu asubuhi, utembee hadi vibanda vya wapandaji vya Mandara, mita 2,720, kisha urudi siku hiyo hiyo. Kupanda ni kama saa tatu kwa mwendo wa kuongea bila kuhema, na kushuka ni pungufu ya hapo. Njia yote ni msitu. Miti imevaa kuvu-mwani zinazoning'inia kama ndevu, na ukisikia matawi yakitikisika juu, simama: ni mbega, mweusi mwenye joho jeupe, anaruka na mkia umemfuata kama usinga.

Angalia na chini. Kandokando ya njia, penye unyevu, kuna ua dogo jekundu lenye manjano, na nyuma yake kimkia kilichojikunja. Wataalamu wanaliita *Impatiens kilimanjari*, na duniani kote halioti porini kwingine ila kwenye mlima huu. Nimeshaona wageni wakilipita huku wakiuliza simba wako wapi.

Ukifika Mandara usikae tu ule na kugeuza. Kreta ya Maundi, shimo la volkeno ya zamani, iko kama robo saa mbele. Panda ukingo wake, na hali ikiwa nzuri utaona mahali msitu unapokoma na vichaka vifupi vinapoanza, na vilele vyote viwili juu yako.

Mwongozaji aliyesajiliwa ni lazima hata kwa siku moja. Mtanzania, beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio chako si sawa na cha mgeni wa nje.

Nasikia gari linafika mpaka uwanda wa Shira. Si ndiyo njia rahisi?

Rahisi kwa miguu, si kwa kichwa. Uwanda uko juu ya mita 3,500, na aliyelala Moshi akapakiwa kwenye gari asubuhi atafika huko mwili haujapata habari. Mandhari ni ya ajabu kweli, ila lala kwanza sehemu ya juu kidogo, na ukifika tembea polepole.

Mwenzangu alianza kuumwa kichwa na kutapika njiani, mwongozaji akamteremsha. Hakurudishiwa pesa. Hajaibiwa huyu?

Hajaibiwa, mdogo wangu; ameokolewa. Kadiri unavyopanda ndivyo kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, inavyopungua, na kileleni imebaki karibu nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inakupa oksijeni kidogo. Kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi ni onyo. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, hapo maji yameanza kuingia kwenye ubongo au mapafu, na kinachomfaa ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Ubavu haumkingi mtu. Vijana wenye vifua ndio huumia zaidi, kwa kukimbia.

Watoto wangu wanataka maji, si milima. Niwapeleke wapi?

Maporomoko ya Materuni yako karibu na mji wa Moshi. Mnapita katikati ya migomba na kahawa za Wachaga, kisha maji yanashuka ukutani kama mita 80, na baridi yake mtaikumbuka. Kwa kuogelea nendeni Chemka, upande wa Boma Ng'ombe. Jina linadanganya: Chemka haichemki. Ni maji maangavu ya chemchemi, unaona mizizi ya mikuyu hadi chini.

Ziwa Chala, kwenye mpaka na Kenya, ni zuri kuliko yote, nalo hulishwa na maji ya mlima yanayopita chini ya ardhi. Litazameni kutoka ukingoni. Mwaka 2002 mamba alimuua msichana mgeni aliyekuwa akiogelea humo.

Ni kweli theluji imekwisha?

Bado. Ila zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeshatoweka. Weupe unaouona baada ya mvua ni theluji mpya, huyeyuka upesi.

Nivae nini kwa safari ya Mandara?

Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Kwa hiyo kutoka Moshi hadi Mandara hesabu nyuzi kumi na kitu. Sweta, koti la mvua hata kama anga ni jeupe, viatu ulivyokwisha kuvizoea. Na soksi za akiba, ndani ya kopo lenye mfuniko; mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.