Narudia udhu, narudi kuangalia jiko: hii ni ihtiyati?

SWALI: Assalamu alaikum Shekhe. Nikimaliza udhu nashuku kama nilipaka kichwa, narudia mara nne, tano. Ndani ya swala sijui niko rakaa ya tatu au ya nne. Nikitoka nyumbani narudi kuangalia jiko la gesi. Nimeambiwa nirudie mpaka moyo utulie, ndiyo ihtiyati, yaani tahadhari katika ibada. Ni sawa?

JIBU: Wa alaikumus salaam. Pole sana, dada yangu. Haya ni wasiwasi, shaka isiyokwisha, si upungufu wa imani.

Aliyekwambia urudie mpaka moyo utulie amekutia shimoni. Ihtiyati gani inayompitisha mtu wakati wa swala akiwa bado bombani? Mtume (s.a.w.) alionyesha udhu mara tatu-tatu, akasema anayezidisha amefanya vibaya na amedhulumu. Naye alikuwa akitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita. Mwenye kuhisi kitu tumboni akiwa anaswali aliambiwa asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Hakuambiwa asubiri moyo utulie.

Basi shaka ikija baada ya udhu, itupe. Kwenye rakaa, mtu anayeshuku mara mojamoja hujengea idadi ndogo, kisha husujudu sijda mbili kabla ya salamu. Wewe unayeshuku kila siku, shika kauli ya wanazuoni wa madhehebu ya Maliki: jihesabu umekamilisha. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, alipoulizwa dawa ya wasiwasi alijibu ni kuupuuza kabisa.

Na jiko ni hivyohivyo. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Uholanzi, van den Hout na Kindt, walichapisha jaribio ambalo watu walikagua jiko la gesi kwenye kompyuta tena na tena. Walikumbuka sawasawa, ila picha ilififia kichwani na wakaacha kuiamini. Kurudi ndiko kunakozaa shaka. Zima huku ukitazama mkono wako, toka. Usipige picha kwa simu, wala usimwulize mtu "nimezima?", maana huko ni kukagua kwa mlango wa nyuma. Siku za mwanzo kifua kitabana. Kiache kibane, kitalegea chenyewe bila wewe kurudi.

Yakikula saa nzima au zaidi kwa siku, nenda kwa daktari wa afya ya akili. Kuna tiba ya kuzoezwa kuvumilia shaka bila kukagua, na zipo dawa. Mweleze na habari ya udhu, si jiko peke yake, asije akatibu nusu.