Draivushafti inapoanza kugonga: maswali yenu na majibu

Nikikata kona kali nasikia tak-tak-tak kwenye tairi la mbele. Nikinyoosha usukani unakoma. Ni nini?

Ni jointi ya CV ya nje: kiungo kinachopinda, kwenye ncha ya draivushafti (fimbo inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi tairi) iliyo karibu na tairi. Ndani yake mna gololi, kwa kawaida 6, zinazotembea kwenye mifereji. Gari likienda moja kwa moja, gololi hubaki karibu palepale. Ukikata kona, kila gololi huenda na kurudi ndani ya mfereji wake katika kila mzunguko, na ikikuta shimo lililochimbika kwa kulika, inaruka. Huo ndio mlio. Tafuta uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho na uzungushe gari polepole, kisha urudie upande wa pili. Mara nyingi jointi iliyo upande wa nje wa kona ndiyo inayolia zaidi. Hapo grisi haisaidii tena. Chuma kikishaliwa hakirudi. Badilisha jointi.

Fundi anasema buti limepasuka, lakini gari halina mlio wowote. Naweza kusubiri?

Usisubiri hata wiki. Buti ni kile kifuko cha mpira chenye mikunjo kinachofunika jointi, na karibu kila jointi inayokufa mapema huanzia hapo. Shafti ikizunguka hurusha grisi nje kupitia ufa, kisha vumbi na maji huingia na kusaga gololi. Kata usukani hadi mwisho, chuchumaa nyuma ya tairi, na uipanue mikunjo kwa vidole: nyufa hujificha kwenye mabonde, si juu. Ukiona matone meusi yanayonata ndani ya rimu, buti limeshaachia.

Mlio ukiwa haujaanza, bado unaweza kuiokoa jointi. Ifunguliwe, ioshwe grisi yote ya zamani, ikaushwe kabisa. Gololi ziking'aa bila vidonda, irudishwe na buti jipya na grisi yenye molibdenamu, si grisi ya kawaida ya beringi. Tumia pakiti yote inayokuja na buti, mara nyingi gramu 80 hadi 120 kwa jointi ya nje: sehemu kubwa isukumwe katikati ya gololi, inayobaki iingie kwenye buti. Toa hewa kabla ya kubana klipu, la sivyo mpira utavimba au kunywea. Nati ya habu, ile inayofunga shafti katikati ya tairi, iwe mpya, na ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ikilegea, beringi ya tairi itafuata.

Gari linatetemeka nikikanyaga mafuta, hasa mlimani, hata barabara ikiwa imenyooka.

Tazama jointi ya ndani, upande wa giaboksi. Nyingi zina rola 3 zinazoteleza mbele na nyuma kadiri springi zinavyopanda na kushuka. Njia zake zikilika, rola hukwama na kuachia. Ukiinua mguu mtetemo ukapungua papo hapo, ni jointi. Usipobadilika kwa mwendo uleule, anza na balansi ya matairi.

Pikapu yangu inavutia nyuma. Nikiweka gia nasikia "ko!" chini ya gari.

Kagua krosi (viungo vyenye umbo la msalaba) za propela shafti, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, giaboksi ya ekseli ya nyuma. Zima injini, weka vigingi kwenye matairi, gia iwe huru. Shika shafti kwa mkono mmoja na uma unaoshika krosi kwa mwingine, uzizungushe kwa kupingana. Uchezaji kidogo wa meno ya difu ni wa kawaida. Unaoutafuta ni ule ulio kwenye krosi yenyewe. Vumbi jekundu la kutu kuzunguka vikombe vyake linamaanisha grisi imekwisha. Kabla ya kushusha shafti, weka alama ya rangi kila inapoungana. Nyuma na mbele zikirudishwa bila kulingana, utajitengenezea mtetemo mpya.

Nikiendelea kuendesha na mlio wa tak-tak, draivushafti itakatika?

Inaweza. Kwenye magari mengi shafti moja ikikatika, gari halivuti tena, na kwa otomatiki hata gia ya P (ya kuegesha) haitalizuia lisiserereke mteremkoni. Vuta breki ya mkono, weka kigingi au jiwe kwenye tairi, ndipo uchungulie chini.