Wiki Moja Barbados: Twende Lini, Tukae Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi London na tungependa kupumzika Barbados kwa wiki moja. Twende mwezi gani, na tukae upande upi wa kisiwa?

JIBU: Dada yetu, nendeni kati ya Januari na Aprili, kwa kuwa msimu wa vimbunga huanza Juni na kuisha Novemba. Pangeni chumba pwani ya magharibi, karibu na Holetown, ambako bahari hutulia. Bathsheba, upande wa mashariki, nendeni kutazama mawimbi ya Atlantiki yakipasuka juu ya miamba mikubwa, lakini tafadhali msiogelee huko. Kisiwa ni kidogo, hivyo hakuna haja ya kuhama hoteli. Ijumaa jioni msikose Oistins, ambako samaki huchomwa hadharani. Iwapo mtapitia Kenya au Uganda kwanza, chukueni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano.